Chifu Aliyetafsiri Nyuma ya Gari

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya maendeleo ya Busia kabla mlango haujafunguliwa, viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi la njia ya Busibwabo. Afisa wa Maendeleo, mkubwa wangu wa kwanza na niliyempenda kuliko wote waliofuata, alinitazama akacheka. "Dada, mbona haraka hivyo? Kazi yako inaanza baraza likiisha."

Hakuwa akitania. Miaka hiyo ya mwanzo wa uhuru, kila idara iliitisha baraza kabla ya kuchimba au kujenga kitu. Mimi nilirudi siku chache baadaye kuwauliza watu walielewa nini, nani alisema, na nani alinyamaza. Ninyi vijana mnaiita tathmini ya ushirikishwaji wa umma. Sisi tuliita kufuata baraza, na miguu iliuma vilevile.

Kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya josho la Chakol, lile tangi refu la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kuua kupe. Bwana Mifugo, ndivyo tulivyomwita afisa wa mifugo, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Mifugo ilikuwa ikifa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, naye alitaka josho lijengwe upesi, juu kidogo ya chemchemi. Barazani watu walipiga makofi. Mchanga ukamwagwa.

Nilishuka chemchemini nikawakuta wanawake wakichota maji. Walijua vizuri kwamba mvua ikinyesha dawa itateremkia humo, nao ndio wangewanywesha watoto maji hayo.

"Sasa barazani mlinyamaza kwa nini?" nikauliza.

"Wee dada! Baba mkwe amekaa pale mbele," mmoja akanijibu. "Mimi nifungue mdomo?"

Nilirudi ofisini nimekasirika. Mkubwa wangu alimwita Bwana Mifugo, naye akaja juu: "Watu walikubali!"

"Waliokubali si wanaochota maji," nikamwambia.

Akakubali kwenda kuwasikia wenyewe, ila hakujua Kiteso. Mimi nilijua cha sokoni tu. Wa kututafsiria alikuwa chifu, na chifu alikuwa baba mkwe wa nusu ya wanawake wale!

Tulipofika, wakatugeuzia migongo. Nilihisi kazi imeharibika. Ndipo chifu, mzee mwenye tumbo na heshima zake, akavua kofia, akazunguka nyuma ya gari na kuketi chini. "Semeni!" akapaza sauti. "Mimi siko hapa!"

Kicheko kikapasuka. Kisha wakasema, yote, na ile sauti isiyokuwepo ikatafsiri neno kwa neno. Mara ikakwama, ikakohoa.

"Wanasema nini, chifu?" Bwana Mifugo akauliza.

"Wanasema chifu alichagua hapo kwa sababu ni karibu na boma lake." Kisha ikaongeza: "Na ni kweli."

Bwana Mifugo alicheka hadi akafuta macho. Josho likajengwa upande wa chini wa chemchemi, na mchanga ukahamishwa kwa mikokoteni ya wanaume walewale waliopiga makofi.

Nilifanya kazi Malaba na kwingineko, chini ya wakubwa wakali na wapole, lakini yule chifu ndiye aliyenifundisha kazi.

Nimestaafu sasa, nalima mihogo. Juzi mume wa binti yangu, afisa wa maji, aliitisha baraza kwetu. Bomba lilikuwa liishie sokoni, na sisi wajane wa mteremkoni tumerukwa. Nilikaa nyuma kabisa, kichwa chini, kwa kuwa kwetu mama mkwe hasemi mbele ya mkwe.

Akauliza kama kuna swali. Makofi yakaanza. Akayazima kwa mkono, akakunja ramani yake, akatembea hadi nyuma ya gari.

"Semeni, akina mama," nikasikia. "Mimi siko hapa."

Kisa hiki nilikuwa nikimsimulia binti yangu nikimsuka nywele alipokuwa mdogo; kumbe naye alimsimulia mumewe. Nikasimama, machozi yakinitoka, nikasema.