Benchi la Nje ya Kanisa

Siku ile jarubani tulikuwa sita: mimi, wadogo zangu Agnesi, Faustini na Yustina, na jirani yetu Mzee Lusambo na mke wake mdogo, Mama Tatu. Tulikuwa tunapandikiza mpunga. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, na mimi, mkubwa wao, niliacha shule darasa la tano ili wadogo wapate kula.

Kwa kuwa nilijua kusoma, kigango, kanisa letu dogo la kijijini, kilinifanya katibu. Wenye wake wawili hawakukaa ndani ya kanisa. Walikaa kwenye benchi nje ya mlango. Mzee Lusambo nilimpeleka huko mimi mwenyewe.

"Katibu," aliniita siku ile, matope yakimfika magotini, "na huku jarubani nako nikae nje?"

Agnesi alicheka mpaka akaangusha miche. Mimi sikucheka.

Mchana alikuja mjumbe na majina ya mgambo wanaokwenda vitani Kagera. Langu lilikuwemo. Jumapili waumini waliahidi mbele ya altare kuwatunza wadogo zangu. Nikapanda treni Mpanda, rozari shingoni, nikiamini nimewaacha mikononi mwa Wakristo.

Tulivuka mpaka kwa miguu, mvua ikinyesha. Asubuhi moja tulipita katika shamba la migomba lililopigwa mizinga.

Askari wa adui alikuwa ameegemea mgomba. Mguu wake mmoja haukuwepo. Shingoni alikuwa na rozari kama yangu.

"Ndugu, maji."

Chupa yangu ilikuwa imejaa.

Hakuna aliyenikataza. Nilipita.

Aliita mara ya pili. Kisha hakuita tena.

Niliporudi nyumbani mavuno yalikuwa yamekwisha, na kihenge chetu kilikuwa kimejaa mpunga. Nilimwambia Agnesi twende tukawashukuru watu wa kigango.

"Wapi, kaka! Walikuja mara moja, wakasali, wakaenda zao. Ni Baba Lusambo na wake zake. Walivuna wetu kwanza. Mpunga wao ukaliwa na ndege."

"Yuko wapi nikamsalimie?"

Agnesi aliniambia mzee alikuwa amekufa. Homa ilimchukua wiki ileile aliyomaliza kupura mpunga wetu. Alizikwa bila padri wala katekista. Wake zake na wadogo zangu ndio walioimba.

Jumapili nilibeba lile benchi nikaliingiza ndani. Katekista akalitoa. Nikalirudisha. Wakanivua ukatibu.

Nimebatizwa tangu utotoni, na nimewasomea watu masomo ya misa miaka mingi. Lakini nikijiuliza Mkristo wa kweli ni mtu wa namna gani, namwona mzee mmoja jarubani, ameinama katika mpunga usio wake. Siku hizi nakaa peke yangu, wadogo wameshaoa na kuolewa, na swali hilo ndilo linalobaki nami nyumbani.

Jaruba la wajane wa Mzee Lusambo nalilima kila msimu kabla ya langu. Hilo naliweza. Maji ya yule askari sina wa kumpelekea.