Donda la Mitufaha

Watu walimwita Daktari, na mwanzoni ulikuwa utani tu. Kazi yake ilikuwa kupandikiza mitufaha: anakata kijiti cha mti mzuri, anakipachika kwenye shina la mti mwingine, anafunga kwa mpira, na baada ya miaka michache wenyewe wanachuma. Vijiti vyote alivikata kwenye mti mmoja, ule wa nyuma ya jiko lake. Akipandikiza mia, tisini na tano hushika, na hakuona haya kujisifu.

Dada yake mdogo, mjane mwenye mitufaha arobaini iliyopita yote mikononi mwa kaka yake, ndiye aliyemwita kwanza.

"Kaka, njoo uone. Miti imefanya vidonda."

Alikwenda akitania njia nzima. Alipofika, utani ukamwisha. Gome lilikuwa limedidimia na kupasuka duara ndani ya duara, na juu ya kila donda tawi limekauka, majani bado yananing'inia. Alikwangua kwa kisu. Ndani kulikuwa kahawia tupu.

Bibi shamba alikuja siku ya pili, akazunguka mti hadi mti.

"Ni kuvu," alisema mwishowe. "Huingia pale mti ulipokatwa, hasa kukiwa na mvua. Mnapogoa lini?"

"Wakati wa mvua," dada alijibu. "Kaka ndiye hupogoa."

"Na vijiti mlitoa wapi?"

Daktari aliwaongoza hadi nyuma ya jiko. Upande wa ukutani, ambako hakuwa na sababu ya kupita, mti wake ulikuwa na donda pana kama kiganja, kingo zake zimevimba kwa uzee.

"Hili lina miaka mingi," bibi shamba alisema taratibu. "Kuvu huweza kujificha ndani ya kijiti, isionekane."

Daktari aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Kiangazi kilipofika alifanya yote aliyoambiwa. Alikata hadi akute mti mweupe, akafuta msumeno kwa spiriti kila alipohama shina, akapaka dawa ya mrututu kwenye majeraha, akachoma matawi yote. Mti wake mwenyewe aliung'oa. Kwa dada yake ilibaki kumi na minne, nayo ikachipua vizuri hata wakaanza kuongea kwa furaha. Mvua zikanyesha. Madonda yakatokea mashinani, mahali pasipokatwa.

Hapo ndipo alipoanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakutumwa na mtu. Alibisha hodi, akavua kofia, akasema, "Miti niliyokupandikizia ni migonjwa, na ugonjwa umetoka kwangu." Mwalimu mmoja alimfungia mlango. Seremala alimcheka, akadhani amezeeka vibaya. Bibi mmoja, ambaye mitufaha yake mitatu ilikuwa ndiyo kwanza imechanua, aligeuka akaitazama.

"Daktari, si ungeniacha tu nisijue?"

Alivaa kofia, akaenda nyumba iliyofuata. Alizimaliza nyumba zote, ilimchukua wiki mbili.

Kisha akaenda kwa dada yake na sururu begani, amsaidie kung'oa visiki vya mitufaha, yote ikiwa imeshakatwa, ili apande maharagwe. Dada alimtolea kiti uani, akamletea maji ya kunywa, akakaa mbali naye kidogo.

"Pumzika, kaka," alisema bila kumtazama. "Nimeshaita mtu mwingine."