Si Maria

Jumatatu nilikwenda ofisi ya parokia, hapa Elisabethville, kuandikisha misa ya marehemu mke wangu. Mimi nina kigugumizi. "Mar... Mar..." nikasema.

"Maria," akamalizia karani, akachovya kalamu, akaandika.

Mama mmoja nyuma yangu akacheka. "Baba, wacha kahawa na pilipili. Ulimi itafunguka."

"Mama," nikamjibu nikikwama-kwama, "niliviacha Kwaresima yote, ulimi iko vile vile. Nikilala muzuri, inakuwa mwepesi kidogo. Lakini tangu bibi yangu alikufa, siko nalala." Nikamgeukia karani. "Futa ile Maria. Halafu ungoje."

Akaweka kalamu chini. Nikaanza upya, polepole, mpaka nikafika: "Mar... Marta."

Mungu alimjua mke wangu tangu ile "Mar" ya kwanza. Karani ndiye niliyetaka alisikie jina lake mpaka mwisho.