Mafundi wa Bibi

Wiki iliyopita niliingia duka moja la Makiso, katikati ya mji, kutafuta kompyuta ya kubeba. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alinitolea moja nyembamba kama sinia, akaanza kukisifu kioo chake. Nilipoona alama ya kiwanda kwenye kifuniko nilimkatiza, nikamwomba turnevisi, bisibisi ya kufungulia skrubu.

"Turnevisi ya nini, maman?"

"Nifungue chini. Nataka kuona ndani."

"Lakini maman, batu bote banaanzaka na kuuliza bei!"

Aliniletea hata hivyo, labda kwa udadisi. Nikafungua. Skrubu zote zilikuwa za aina moja. Kila kipande kilikuwa na jina lake, kila waya umelazwa mahali pake, na palipokuwa pa kuvuta pameachwa nafasi ya kidole. Nikalazimika kukaa kwenye kiti cha plastiki. Muuzaji alidhani joto limenizidi, akanisogezea feni. Halikuwa joto, rafiki yangu. Nilikuwa nimemkumbuka Bibi, mwanamke ambaye hakubonyeza hata kitufe kimoja cha kompyuta maishani mwake, na ambaye hakuna mtu Kisangani nzima aliyewapenda watengenezaji wa mashine ile kama yeye.

Tulikaa commune ya Tshopo, kata moja ya mji huo, katika nyumba ya matofali yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Papa, yaani baba yangu, alikuwa dereva wa lori njia ya Bafwasende, na tulimwona pale tu njia ilipomrudisha. Chumba kile cha mbele kilikuwa cha Mama. Watu wa mtaa walikiita sekretaria, kwa sababu ndimo walimokuja kuchapishiwa barua zao, maombi ya kazi, na hasa vitabu vya mwisho wa masomo vya wanafunzi wa chuo. Wanafunzi hao walitoka Basoko, Yahuma, pande zote, wakajipanga kwenye benchi ndefu na karatasi zao zilizoandikwa kwa mkono, wakila mikate ya moto na kubishana juu ya mpira. Printa ya Mama ililia kama mbuzi anayevutwa kamba. Uani ndizi zilikuwa zikichemka, na ifikapo saa sita tulisikia mchi ukianza kuziponda kuwa lituma. Mpaka leo nikinusa wino mpya nasikia njaa.

Bibi alikuwa mama yake Papa, wa familia za Waislamu wa zamani wa mji huu. Alitarizi kofia. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, miguu imenyooshwa, sindano ikienda na kurudi, na alikuwa na tabia moja iliyomtia Mama aibu: mtu akiingia na shati jipya, Bibi alimshika ukosi, akaupindua kuangalia mshono wa ndani. Ukiwa mzuri alisema "Mm." Ukiwa mbaya alimrudishia mtu ukosi wake bila neno, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Kompyuta ilitoka kwa masista waliokuwa wakifunga ofisi yao. Mwanzoni Bibi aliiita sanduku. Alilalamika kwamba linakula umeme na kutoa joto, na kwamba Mama ameligeuzia uso kuliko watoto wake. Halafu siku moja lilianza kukohoa vumbi. Mama akamwita fundi, papa mmoja mpole wa Mangobo, kata nyingine ya mji, akaja na mkoba wake. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilisimama pale pale alipoliweka mezani. Alibonyeza mahali pawili tu, na ubavu wote wa sanduku ukafunguka bila skrubu hata moja.

Bibi akanyanyuka. Sikumbuki kumwona akinyanyuka upesi hivyo. Aliinama juu ya mashine kama anavyoinama juu ya ukosi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati.

"Haikati," alisema.

"Haikati, maman," fundi alijibu. "Balikunja bati yote ya ndani, juu mutu mwenye anatengeneza asijikate. Ona na hii rangi ya kijani. Kila fasi yenye iko kijani, maana yake: shika hapa, vuta hapa."

Bibi alitazama kwa muda mrefu. Nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utaratibu, kama nyuzi zilizomaliziwa vizuri upande wa nyuma wa kofia.

"Bale batu," alisema mwishoni, "banashonaka muzuri hata fasi mutu haone."

Kuanzia siku ile aliwaita Mafundi. Hakujali jina la kiwanda wala nchi yake. Walikuwa Mafundi basi, kama vile walikuwa na karakana yao nyuma ya soko. Aliwauliza wanafunzi wa benchi habari zao, na wenye kusikiliza redio za mbali walijifunza kumletea chochote walichosikia. Mafundi wametoa mashine mpya. Mafundi wamejenga kiwanda kingine. Bibi alipokea habari hizo kama habari za ndugu walioko safarini. Na alikuwa na maoni juu ya kesho yao. Alisema watafanya ndogo zaidi, ya kubebwa kwapani, maana fundi mzuri hupunguza. Alisema itafika siku watafanya moja inayosikia kingwana, Kiswahili chetu cha huku, ukiisemesha, na yeye ataipa salamu. Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka. Niliamini kila neno, na shuleni nilimwambia mwalimu kwamba nitakuwa mtu wa kufungua kompyuta.

Tatizo lilikuwa jirani. Mkabala nasi kulikuwa na duka la papa mmoja aliyetoka Kivu ya Kusini, mtu wa heshima, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na tai. Aliuza redio, feni, na kompyuta mpya za kampuni nyingine, zenye taa za buluu mbele. Siku moja alimfungulia Bibi moja ili amwonyeshe. Bibi alichungulia, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati, akatoa mkono haraka, kidole kikitoka damu. Badala ya kunyamaza, alisema mbele ya wateja watatu kwamba ile ni nguo ya harusi ya kuazima: nje inang'aa, ndani ni nyuzi tupu. Wateja wakaondoka wakicheka. Tangu hapo Bibi na yule papa hawakusalimiana, na mvua nyingi zilipita.

Ndipo mwanafunzi mmoja akaleta habari kwamba Mafundi wamepata shida, kwamba huenda wakaacha kabisa kutengeneza kompyuta. Bibi hakugusa lituma yake mchana huo. Kesho yake aliniketisha mbele ya mashine, Mama akiwa sokoni.

"Andika," alisema. "Waambie mimi ni mwanamke wa Kisangani, ninashona kofia. Waambie niliona kazi yao ya ndani. Waambie wasiache. Mutu anaweza kuacha kazi yenye haijue, lakini hii banaijua."

Niliandika kwa kidole kimoja, kwa Kifaransa changu cha shule, asubuhi nzima. Nikaongeza la kwangu mwishoni, kwamba nami nitakuja kufanya kazi kwao. Barua ile aliichukua padri aliyekuwa akisafiri kwenda Kinshasa.

Barua ilikuwa bado njiani, sijui wapi, radi ilipopiga. Ilikuwa saa nane mchana, mvua inamwagwa, na kwenye mashine Mama alikuwa amemaliza kuchapa kazi ya dada mmoja kutoka Yahuma aliyesomea ukunga, printa ikiwa bado haijatoa hata ukurasa mmoja. Alikuwa mjamzito wa miezi minane. Siku ya kuitetea kazi yake mbele ya walimu ilikuwa keshokutwa, na akiikosa angengoja mwaka mzima, mtoto mgongoni. Radi ilipita kwenye waya wa umeme. Tulisikia mlio kama wa kofi, halafu harufu ya kuungua. Mama alitoa disketi aliyohifadhia nakala. Ilikuwa imeota ukungu. Karatasi za mkono dada alishawashia moto wa jikoni kwake, kwa furaha kwamba amemaliza.

Hakulia. Aliketi kwenye benchi, mikono juu ya tumbo, akitazama mvua.

Fundi wa Mangobo alifika amelowa, akafungua, akatikisa kichwa. Roho ya mashine imekufa. Lakini alibana vishikio viwili vya kijani, akachomoa diski kama mtu anayevuta droo, akainusa.

"Hii labda iko muzima. Lakini nahitaji ingine mashine ya bale bale batu, juu ya kuiingiza. Na mimi sina."

Sote tulijua ilipo. Jirani alikuwa na moja, kuukuu, haina kifuniko, ameiweka chini ya feni kubwa dukani kama kigoda.

Bibi alivaa kandambili. Alinishika mkono, tukavuka barabara kwenye mvua. Jirani alikuwa peke yake, anapangusa maji mlangoni. Alisimama wima alipotuona.

"Papa," Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "siku ile nilikukosea mbele ya batu. Nimekuja kukuomba pardon. Na nimekuja kukuomba kigoda cha feni yako."

Yule papa alimtazama. Maji yalimtiririka Bibi usoni.

"Ni juu ya nani?"

"Juu ya mutoto wa mwingine. Anakaa pale kwa benchi."

Jirani aliishusha feni, akaibeba ile mashine mwenyewe, akaifunika kwa koti lake la kanisani, akatutangulia.

Ilikuwa ya zamani kuliko yetu kwa miaka mingi. Fundi alishika diski, akaielekeza kwenye tundu, na sisi sote, jirani akiwemo, tukainama kutazama. Iliingia. Haikusukumwa, haikulazimishwa. *Klak*. Mafundi walikuwa wamebakiza kipimo kile kile muda wote huo, ili cha leo kiingie katika cha jana. Umeme uliporudi kabla ya magharibi, kioo kiliwaka, na kazi ya dada wa Yahuma ikatokea, ukurasa wa kwanza, jina lake katikati. Hapo ndipo alipolia. Jirani akasema, "Bon, maman. Ya ndani nimeiona." Na Bibi akasema "Mm," ile nzuri.

Dada alitetea kazi yake, akafaulu, akajifungua msichana baada ya wiki tatu. Jibu la barua halikuja kamwe. Bibi hakuona ubaya. Alisema watu wenye kazi mikononi hawana nafasi ya kuandika. Na Mafundi hawakuacha. Walipunguza, wakafanya za kwapani, kama alivyosema, lakini yeye hakuziona. Alifariki mwaka niliomaliza shule. Mimi sikwenda kwao kufanya kazi. Nafundisha kompyuta hapa hapa, na somo langu la kwanza kila mwaka ni kufungua.

Sekretaria imekwisha. Wanafunzi siku hizi huandika kwenye simu, kila mmoja kwenye kona yake, na hakuna tena benchi ya kubishania mpira. Jirani alirudi Kivu na watoto wake. Chumba cha mbele tumempangisha msichana anayesuka nywele, na Jumamosi nilikwenda kusukwa. Kiti chake kiko pale pale palipokuwa meza ya Mama. Mchana ulikuwa mzuri, madirisha wazi, baiskeli za toleka, zinazobeba abiria, zikipita zikipiga kengele. Nilifumba macho nikawa ndani ya kelele zote zile za sekretaria, na nilikuwa na furaha, nakuambia kweli, lakini machozi yalikuja yenyewe.

"Maman, ninavuta sana?" msichana aliuliza.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Endelea tu."