Saladi Yangu Ilivyopelekwa kwa Mtamba

Nimewapikia watu wa kila aina, lakini ni mmoja tu aliyeinuka na sahani yangu akampelekea ng'ombe.

Ilikuwa Garsen, mwaka wa tisini na nane, maji ya Elnino yalipopungua na malori ya mboga kutoka Malindi yakaanza kupita tena.

Kaka yangu Abubakar alimtaka Gumato, binti wa Mzee Gollo, mfugaji wa Kiorma. Sisi watu wa Kipini, wa pwani, tumehamia tu Garsen. Mzee akasema atakuja kwetu ale, amwone ng'ombe wa mahari, halafu atoe jibu. Akikataa, Gumato anaozwa kwa binamu yake Liban.

Abubakar hali, halali. Mwanamume mzima, ndevu zote zile, analia jikoni kwangu! Nilimwona si lolote.

"Dada Ilham, mpikie kitu cha heshima."

Heshima? Mtu aliyezoea maziwa na nyama atajua nini? Lakini mimi nilipika hoteli ya watalii Malindi. Nikasema leo Garsen watanijua.

Nikakata kabeji nyembamba kama uzi, nikaitia chumvi, nikaikamua kwa mkono hadi ikalegea. Nikakatia dania na nanaa mbichi. Siki, mafuta, pilipili manga na kitunguu saumu nikavitia kwenye chupa, nikatikisa, nikamwagia juu. Harufu yake tu ungemeza mate.

Nikaiweka mbele ya mzee, kando ya pilau.

Akachota kidogo kwa vidole, akaachia.

"Hii nini?"

"Saladi, mzee."

"Hii majani. Mbichi! Mama, mimi nakula majani? Mimi ng'ombe?"

Abubakar akainamisha kichwa. Bwege yule!

"Wazungu wanaililia hiyo," nikamwambia.

"Mzungu hana ng'ombe."

Akainuka na sahani yangu ya wageni, akatoka nje hadi alipofungwa mtamba wa mahari, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Majirani wakajaa uani kama wameitwa. Nilikasirika. Si kwa ajili ya Abubakar. Kwa ajili ya saladi yangu.

Mtamba akanusa. Siki ikampanda puani.

Akapiga chafya, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza.

Mzee akamsogezea tena. Mtamba akageuza uso.

Nikajua uchumba umekufa. Abubakar naye alishaanza kujifuta macho kwa kanzu mpya.

Mara mzee akacheka.

"Ng'ombe imekataa. Basi hii si chakula ya ng'ombe. Hii chakula ya watu!"

Akaketi pale pale mchangani, akala saladi yote. Pilau hakuigusa. Alipomaliza akampapasa mtamba mgongoni.

"Hii ina akili. Haili ovyo. Mimi nachukua."

"Na mimi, baba?" Abubakar akauliza.

Mzee akamtazama juu hadi chini, kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

"Wewe ifuate."

Ndivyo kaka yangu alivyopata mke. Sasa nyinyi mnaoposa kwa wafugaji na kutwa mko mbele ya kioo, acheni kumaliza marashi. Tafuteni ng'ombe mwenye akili. Zenu hakuna atakayeziuliza.