Meza ya Mtihani wa Mdomo

Nilipomaliza shahada ya uzamili nilipata kazi ya kupanga kitu ambacho kilikuwa bado hakijazaliwa. Serikali ilitaka kuunda tume ya kuchunguza shule za sekondari na vyuo vya enzi ya ukoloni: nani aliingizwa, nani aliachwa nje, na yule aliyeachwa alikwenda kuishi maisha gani. Sisi tulikuwa watu wachache tu, kwenye ghorofa ya juu katikati ya Johannesburg, tukiandaa maswali na vyumba, na ile hati fupi inayoitwa hadidu za rejea, ambayo husema tume itamsikiliza nani na haitamsikiliza nani.

Mimi nilipewa chumba. Yaani nipange shahidi atakaa wapi, wajumbe wa tume wakae wapi, mlango uwe upande gani wake. Mtu mwingine angemaliza asubuhi moja. Mimi nilikaa siku nzima nikiwaza bilauri ya maji ya shahidi. Nikiiweka kulia, je, kama shahidi anatumia mkono wa kushoto? Na karatasi za kufutia machozi: nikiziweka mezani ni kama namwambia lia, nisipoziweka, akilia itakuwaje? Nilikuwa nasimama dirishani naangalia magari yakisimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, na kuondoka, yakisimama na kuondoka, na chumba changu kikielea juu yao, viti vikijipanga na kujipangua vyenyewe.

Wakati huo nilipanga chumba cha uani Rosettenville, kwa mjane mmoja kutoka Pemba, ile ya Msumbiji. Nilimwita Bibi, naye akaniita mjukuu, ingawa kwetu ni Tanga na hatukuwa na undugu wowote. Kiswahili chake kilikuwa na mawimbi ambayo sikuyazoea, na Kireno kidogo ndani yake kama punje za chumvi. Wajukuu zake halisi walizaliwa hapa. Walimwelewa, lakini walimjibu kwa Kizulu au Kiingereza, na akianza habari za shule walinyanyuka mmoja mmoja. "Eish, Gogo, tena?" Gogo ndiye bibi kwa Kizulu.

Kwa hiyo habari za shule nilizisikia mimi, jioni, harufu ya mkate wa Wareno wa mtaa wa pili ikipita juu ya ukuta. Baba yake alikuwa karani bandarini, na ndiyo maana yeye, msichana mweusi, alipata nafasi kwenye sekondari ya Wareno. Mwaka wa mwisho alifanya mtihani wa kuandika akafaulu. Ukabaki ule wa mdomo. Wareno walikuwa na desturi hiyo: walimu watatu nyuma ya meza ndefu, mwanafunzi mbele yao peke yake, amesimama, anajibu. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na blauzi iliyopigwa pasi, akingoja kuitwa. Mtu akatoka akawaambia yeye na wenzake warudi kesho. Kesho yake walimu walikuwa wanapanda meli kurudi kwao, uhuru unakuja, nchi inabadilisha mikono, na ile meza ilikuwa juu ya lori. Bila mtihani wa mdomo hakukuwa na chuo. Alitaka kusomea hesabu. Alikuja kuwa mshonaji, kwanza kule, kisha huku.

"Hakuna aliyeniuliza kitu," alikuwa akisema. "Nisingalikuwa na hasira kama wangaliniuliza nikashindwa."

Tatizo lilikuwa rasimu yetu. Mwanasheria wa ofisi alikuwa ameandika kwamba tume itasikiliza waliosoma katika shule zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi hii. Mwenyekiti angetia saini mwisho wa wiki, na akishatia saini Bibi angebaki nje ya mlango kwa mara ya pili. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Nikamwambia pia kwamba kabla ya hapo tungefanya kikao cha majaribio, na tulihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha shahidi.

"Majaribio," alisema. "Mimi niliyaishi kweli, halafu nije kwenye majaribio?"

"Si lazima, Bibi."

"Nimesema siji?"

Usiku huo nilisikia cherehani yake. Siku ya kikao alikuja na blauzi nyeupe.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa uangalifu wangu wote. Meza ndefu, viti vitatu nyuma yake, maji, kiti kimoja mbele. Sikuona nilichokuwa nimekipanga mpaka Bibi aliposimama mlangoni. Aliitazama meza ile kama mtu anayeona nyumba aliyohamishwa utotoni. Hakukaa. Alikwenda mbele, akaweka mikono nyuma, akanyoosha mgongo.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekulia Morogoro, wazazi wake walipokuwa wakimbizi wa siasa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko Kizulu cha wengi wetu. "Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Presente," alijibu Bibi, kama mwanafunzi anayeitikia jina lake.

Nilitaka kunyanyuka na kueleza. Mwenyekiti alinitazama, akaitazama karatasi ya maswali niliyomwandikia, akauliza la kwanza: alisoma nini shuleni?

"Mito," alisema Bibi.

Akaanza kaskazini. Minho. Lima. Douro, na miji unayoipitia. Mondego. Tejo. Yote mito ya Ureno, na alikuwa hajawahi kuona hata mmoja. Sauti yake ilikuwa imepungua umri, na macho yalikuwa juu ya vichwa vyao, kwenye ukuta mtupu ambako zamani pengine palitundikwa ramani. Nje, mawingu ya mchana yalikuwa yamejikusanya na chumba kikawa na mwanga wa kijivu wa ndani ya maji. Nilihisi mito ile ikiingia, ikijaza korido, ikishuka ngazi mpaka barabarani, ikipita chini ya robot nyekundu kuelekea Joubert Park, na watu wakitembea tu na mifuko yao ya sokoni bila kulowa. Alipomaliza Guadiana akaanza reli, kituo baada ya kituo. Hakuna aliyegusa maji yake.

Aliponyamaza, mwenyekiti aliuliza swali ambalo sikuliandika. "Na mito ya kwenu?"

"Hiyo haikuwa kwenye mtihani," alisema Bibi. Hapo ndipo alipogeuka, akakitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Mwanasheria alikohoa. "Mama, tunashukuru sana. Ila lazima tuseme wazi, shule yako ilikuwa nje ya mipaka. Tukimfungulia mmoja, watakuja wote."

"Wote wako hapa tayari," alisema mwenyekiti. "Nani anakushonea suruali zako?"

"Sizungumzii suruali."

"Mimi nazizungumzia." Akaivuta rasimu, akakata mstari wa mipaka kwa kalamu, akaandika juu yake: *yeyote anayeishi hapa*. Alitia saini palepale, mwisho wa wiki hakuusubiri. Kisha akamwambia Bibi, "Leo hukuwa kwenye majaribio. Lakini utakuja tena, tume ikianza, uyaseme mbele ya wote."

Bibi aliuliza kama atapewa tarehe. Akaambiwa atapewa.

Mimi nilirudi nyumbani nimechoka kwa aibu. Niliwezaje kupanga chumba cha kuwasikiliza watu hawa kikawa ndicho chumba kilekile? Nilikichora upya: hakuna meza, viti vya duara vyenye kimo kimoja, madirisha upande wa shahidi. Nilifikiria hata rangi ya mito ya kukalia. Nilipomaliza nilimpelekea Bibi jikoni, nikijiona nimepata.

Alifuta mikono, akaushika mchoro mbali na macho.

"Meza iko wapi?"

"Nimeitoa, Bibi."

"Nani alikutuma?"

"Nilidhani inakuumiza."

"Mjukuu, wewe unadhani sana." Akanirudishia karatasi. "Nimeingoja meza hiyo tangu nina blauzi ya shule. Irudishe. Viti vitatu, maji, kila kitu. Wakae palepale nyuma yake, nami mbele."

"Ukajibu maswali tena?"

"Nishajibu. Safari hii nauliza mimi."

"Utauliza nini?"

Alifunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi.

"Utasikia siku hiyo," alisema, "kama wengine."

Nilikaa kwenye ngazi ya uani, nikaichora meza.