Boriti Nne za Bi Zuhura

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya mkeka tuliokalia kwa kadhi, mwanangu. Najua unasema mzee ameanza tena, lakini kaa usikilize, maana nasikia umeanza kupewa nyumba za watu uzijenge.

Mdachi alikuwa bado hajatia mguu Bagamoyo. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke, fundi wa mawe chini ya Fundi Mshamu, na kiburi tele. Tulikuwa tukimjengea Bi Zuhura, mjane, nyumba ya dari, naye alitaka kuhamia kabla ya Ramadhani. Boriti zilichelewa kufika. Fundi alikuwa na sharti moja: kila boriti iambuliwe maganda, kwani wadudu huzaliana chini ya ganda. Akaenda Mlingotini kufuata chokaa, akaniachia kazi. Nikaambua mpaka mikono ikachubuka. Zilipobaki nne nikasema, aah, nani atapanda kuchungulia? Nikazipandisha na maganda yake, nikazipaka chokaa nzito, zikawa nyeupe kama zile nyingine. Fundi aliporudi akanisifu.

Mwaka wa tatu dari ikaanguka. Bi Zuhura alikuwa chini yake anachagua mchele. Mguu ukavunjika, na hadi mwisho wa umri wake alitembelea mkongojo.

Akamshitaki Fundi. Fundi akajibu kwamba nyumba aliikabidhi nzima, na Bi Zuhura mwenyewe aliikagua akaridhika.

"Mwenye nyumba huridhia anachokiona," kadhi akasema. "Kasoro iliyofichwa ni ya fundi, hata ipite miaka. Mshamu, utaapa kwamba boriti zote ziliambuliwa?"

"Nitaapa," akasema, akanyoosha mkono kuushika msahafu.

Wallahi! Mzee wa watu anakwenda kula yamini ya uongo asioujua, kwa uvivu wangu wa nusu siku. Nikapiga kelele, "Usiape, Fundi! Nne sikuziambua mimi."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliurudisha mkono taratibu, akamwambia kadhi, "Nyumba niliikabidhi mimi. Hatia ni yangu." Kadhi akaamuru tuijenge dari upya na tumtunze mama yule mpaka apone. Tulipotoka nje, Fundi akaniambia, "Mbele ya kadhi nimekubebea. Mbele ya Mungu utabeba mwenyewe."

Nikadhani yamekwisha. Dari ilipokuwa tayari, Bi Zuhura akaniita. "Wewe kijana, mimi sikai chini ya mikono yako mpaka mama yako aje akae nami masika yote."

Mama akaenda na ukili wake wa kusuka, anacheka, hana habari. Mimi je? Mvua ilipoanza nilipita pale mara tatu kwa siku, natazama juu. Kila boriti niliiambua mwenyewe safari hii, na bado niliogopa.

Basi, mwanangu, ukikabidhi ufunguo usidhani umeachana na nyumba. Ulichokifunika ni chako, hata ukihamia Pangani. Kabla hujapaka chokaa, jiulize kama ungemlaza mama yako hapo chini. Ukisita, bomoa. Na ukishakosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaushika msahafu kwa ajili yako.

Mungu akujaalie mikono isiyo na haraka, na kila atakayelala chini ya kazi yako aamke salama. Amina.